Kupoza Nyumba kwa Maji: Mwongozo kwa Wajenzi wa Nchi Kavu

Anayetaka kupoza nyumba yake kwa maji na aanze kwa kununua vipimajoto viwili vya kioo, kipande cha kitambaa cha pamba na uzi. Kwa vitu hivyo vichache atajua ndani ya robo saa jambo ambalo muuza viyoyozi hana haja ya kumwambia: kama hewa ya mahali pake ni kavu kiasi cha kufaa kazi hii, au kama fedha yake itakwenda bure.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Funga kitambaa kwenye tumbo la kipimajoto kimoja, kiloweshe, kisha vitundike vyote viwili kivulini saa nane au saa tisa mchana, katika siku ya joto kali. Vipepee kwa nguvu kwa kipande cha boksi, dakika tatu au nne. Kipimajoto kikavu kitaonyesha joto la hewa kama lilivyo. Chenye kitambaa kitashuka, kisha kitasimama mahali. Pale kiliposimama ndipo ukomo wa baridi inayoweza kupatikana kwa kuloanisha hewa hiyo kwa saa hiyo, na hakuna mnara wala pampu itakayouvuka. Tofauti kati ya vipimajoto hivyo viwili ndiyo mtaji wa mjenzi. Mtambo uliojengwa vizuri huvuna karibu robo tatu yake.

Tuseme ni mchana wa Oktoba mjini Dodoma, joto ni nyuzi 31 na unyevuanga ni asilimia 35. Kipimajoto chenye kitambaa kitasimama karibu na nyuzi 20. Tofauti ni 11, robo tatu yake ni 8, kwa hiyo hewa itakayoingia ndani itakuwa na nyuzi 23. Lodwar, penye nyuzi 35 na unyevuanga kama huo, hewa itaingia ikiwa na nyuzi 26 hivi. Jangwani penye nyuzi 40 na unyevuanga wa asilimia 10, itaingia na nyuzi 24, ahueni ya nyuzi 16 nzima.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa Dar es Salaam ya mwezi Machi, nyuzi 32 na unyevuanga wa asilimia 75. Kitambaa kinasimama kwenye nyuzi 28. Robo tatu ya nne ni tatu: chumba kinapata hewa ya nyuzi 29 iliyoshiba maji, jasho halikauki mwilini, na mwenye nyumba anaishi katika fukuto alilolitengeneza kwa mikono yake. Wajenzi wa Lamu, Mombasa na Unguja hawakuhitaji vipimajoto kulijua hilo. Walijenga baraza, vyumba vya dari ndefu na madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na maji wakayaacha kisimani. Mgawanyo huohuo uko Oman, ambako pwani ya Maskati hujaa unyevu wakati wa kiangazi ilhali Nizwa, iliyo bara, ni kavu. Baruch Givoni, mmoja wa wataalamu waliosomwa sana katika fani hii, aliweka mpaka katika kitabu chake cha mwaka 1994: kipimajoto chenye kitambaa kikivuka nyuzi 22 hadi 24 wakati wa joto kali, kuloanisha hewa ya ndani si njia ya kutegemea.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa Dodoma, Singida, Lodwar, Garissa na sehemu nyingine zinazofanana nazo. Wa pwani watafute upepo.

Kinachofanyika hapa kila aliyekunywa maji ya mtungini anakijua. Maji yanapogeuka kuwa mvuke hayaondoki mikono mitupu. Huchukua joto la kile yalichokigusa. Lita moja ikikauka hubeba joto la kilojuli 2,400 hivi, sawa na theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Joto hilo halikufa, limehamia ndani ya mvuke, na mvuke usipotoka nje ya nyumba hakuna kilichofanyika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanalowesha mapazia, wanafunga madirisha ili baridi isitoroke, na baada ya nusu saa chumba hakikaliki. Nyumba ya kiyoyozi hufungwa. Nyumba inayopozwa kwa maji lazima ipitishe hewa wakati wote: iingie kavu upande mmoja, ipoe mlangoni, ipite juu ya watu, itoke upande wa pili na unyevu wake.

Lakini kabla ya tone la kwanza kumwagwa, kuna kivuli. Nyumba ambayo jua linaipiga kila upande itayameza maji yote ya kisima bila kupoa. Karibu na ikweta jua la adhuhuri huwa juu ya paa, na la asubuhi na la alasiri huzishambulia kuta za mashariki na magharibi. Basi nyumba na ilale kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, ukuta wa magharibi upewe veranda, stoo au miti. Bati lisilo na dari huchoma chumba kizima kama tanuri. Lipakwe rangi nyeupe, liwekewe dari, na nafasi iliyo kati ya bati na dari iachiwe matundu ya kutolea hewa ya moto. Kuta za matofali ya udongo zenye unene wa sentimita 30 au 40 hutunza ubaridi wa usiku hadi mchana, na nchi kavu ina neema hiyo ya usiku wa baridi ambayo pwani haina. Madirisha yafunguliwe jioni na yafungwe asubuhi kabla jua halijapanda. Nyumba nyingi zikifanyiwa hayo tu, shida ya joto hubaki kwa muda wa saa tano au sita za mchana. Saa hizo ndizo za maji.

Walioishi katika ukame mkali wameyafanya haya kwa karne nyingi. Yazd, katikati ya Iran, hupata mvua ya milimita 60 hivi kwa mwaka na kiangazi chake huvuka nyuzi 40. Mji wake mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2017, umejaa minara ya upepo iitwayo badgir. Ule wa bustani ya Dowlatabad una urefu wa mita 33 hivi. Upepo unaonaswa juu hushuka ndani ya mnara uliogawanywa kwa kuta nyembamba, hupita juu ya bwawa dogo la ukumbini, ndipo huwafikia watu. Mhandisi wa Iran Mehdi Bahadori aliieleza minara hii mwaka 1978 katika jarida la Scientific American, na maelezo yake yanafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuiga picha alizoziona mtandaoni. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na upepo wenyewe na kuta nzito zilizopoa usiku. Maji ni nyongeza, na pale yanapotumika mara nyingi hutoka kwenye qanat, mfereji wa chini ya ardhi uletao maji kutoka milimani. Minara ya aina hiyo iliyoko Al Fahidi, mtaa wa kale wa Dubai, haina maji: pwani ile ina unyevu, na waliojenga pale walitaka upepo tu.

Misri ina malqaf, kinasaupepo kilichojengwa juu ya paa na kuelekezwa upande unaotoka upepo mwanana. Hassan Fathy, msanifu majengo aliyetumia maisha yake kuitetea nyumba ya udongo, alianza kujenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor mwaka 1945. Katika shule ya kijiji alijenga kinasaupepo na kupanga makaa yaliyoloweshwa katika njia ya hewa. Kwa maelezo yake, hewa iliyowafikia wanafunzi ilikuwa imepungua joto kwa nyuzi 10. Makaa, maji na mnara wa matofali, katika shule ya wakulima: hakuna kitu hapo ambacho fundi mwashi wa Kondoa au Kakuma hawezi kukipata.

Vipimo vya kuaminika zaidi vilitoka Marekani. Mwaka 1986 Cunningham na Thompson wa Chuo Kikuu cha Arizona walieleza nyumba ya majaribio mjini Tucson yenye mnara uliozungushiwa mapazia ya maji juu kabisa, bila feni. Nje joto lilikuwa nyuzi 40.6, hewa iliyotoka chini ya mnara ilikuwa na nyuzi 23.9. Hewa iliyopoa ni nzito. Ya nyuzi 23 huizidi ya nyuzi 35 kwa asilimia 4 hivi, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuifanya ishuke yenyewe ndani ya mnara na kuvuta nyingine nyuma yake. Kituo cha wageni cha mbuga ya Zion, jimboni Utah, kilichofunguliwa mwaka 2000, kinapozwa na minara miwili ya namna hiyo.

Mfano wenye somo kubwa kwa Afrika Mashariki uko Ahmedabad, magharibi mwa India. Katika miaka ya 1990 kampuni ya dawa ya Torrent ilijenga kituo cha utafiti ambacho maabara zake hupata hewa kutoka kwenye minara yenye nozeli zinazorusha ukungu wa maji. Nje ikivuka nyuzi 40, ndani hubaki karibu na 30. Kinachofaa kuigwa zaidi ni namna jengo lile linavyobadilika na misimu. Miezi ya joto kavu ukungu hufanya kazi. Masika yanapofika, hewa ikijaa unyevu, maji hufungwa na minara hubaki kupitisha hewa tu pamoja na feni. Dodoma ina misimu kama hiyo: mvua za Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mrefu. Mnara usioweza kufungwa maji wakati wa mvua umejengwa nusu.

Kwa nyumba ya kawaida, pa kuanzia ni dirisha moja. Chagua lile linalotazama upepo wa mchana. Dodoma na Turkana upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, lakini majengo ya jirani huupindisha, hivyo funga utepe mwepesi dirishani na uutazame siku kadhaa. Kisha tengeneza pazia la maji. Hilo ni fremu ya mbao ngumu au chuma kilichopakwa rangi, yenye wavu wa kuku mbele na nyuma, na katikati kitu kinachoshika maji bila kuzuia hewa. Nyuzi za mkonge zinafaa sana na Tanzania inazo tele. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanafaa pia. Makaa yanashika maji vizuri na hayaozi upesi, ila yaoshwe vumbi lote kwanza, na atakayeyatumia afikirie ni mti gani uliokatwa ili ayapate. Kaskazini mwa India watu walitundika milangoni mikeka ya mizizi ya khus na kuirushia maji. Mmea huo ni vetiva, nyasi ileile inayopandwa kwenye makinga maji ya mashamba yetu, na mizizi yake ikilowa hutoa harufu nzuri.

Unene wa pazia wa sentimita 5 unatosha pale ambapo upepo peke yake ndio unaosukuma. Ukifika sentimita 10, hewa hupoa zaidi lakini hupita kwa shida, na hapo feni ndogo ya sola inahitajika. Hakuna haja ya kuionea haya feni hiyo: inakula umeme mdogo sana ukilinganisha na kiyoyozi cha chumba ambacho hula karibu kilowati moja, na siku isiyo na upepo ndiyo itakayoamua kama familia italala mchana au haitalala.

Juu ya pazia laza bomba la plastiki lililotobolewa matundu ya milimita 2 kila baada ya sentimita 5. Chini weka mfereji wa kukusanya maji yanayodondoka, yarudi kwenye ndoo au tangi. Pampu ndogo ya sola itayapandisha tena; pasipo na pampu, tangi dogo lililowekwa juu lenye koki inayodondosha polepole hufanya kazi, mradi mtu akumbuke kulijaza. Pazia lote lilowe sawasawa. Kila sehemu iliyokauka ni tundu la kuingizia hewa ya moto.

Ukubwa wake? Chukua sebule ya mita za mraba 30 yenye kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 90. Ili hewa yote ibadilike mara kumi kwa saa, zinatakiwa mita za ujazo 900 kwa saa, robo ya mita ya ujazo kila sekunde. Hewa ikipita kwenye pazia kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, pazia la nusu mita ya mraba linatosha. Na tundu la kutokea, lililo juu katika ukuta wa upande wa pili, lisiwe dogo kuliko hilo. Likiwa na wavu wa mbu liongezwe, maana wavu hupunguza hewa. Mafundi wengi husahau tundu la kutokea kwa sababu halionekani kama sehemu ya mtambo. Ndilo la kwanza kuulizia unapokagua kazi.

Mnara ni hatua inayofuata, kwa anayejenga upya, kwa zahanati, darasa au ukumbi. Kwa chumba kile cha mita za mraba 30, njia ya hewa yenye sentimita 80 kwa 80 inatosha, nayo ipande mita 5 hadi 7 juu ya tundu la chini. Kadiri mnara unavyorefuka ndivyo hewa nzito inavyovuta kwa nguvu. Mapazia yazungushwe pande zote nne juu kabisa, chini ya kipaa cha kuyakinga na jua. Ndani, usawa wa mapazia, jenga kuta nyembamba zinazokatizana kama alama ya kuzidisha, la sivyo upepo utaingia upande huu na kutokea upande ule bila kushuka. Kuta za ndani zipigwe lipu ya chokaa au saruji. Hili si pambo: mnara wa matofali mabichi ukilowa kila siku kwa miezi minne utalainika na kuanguka. Chini weka mlango wa mbao unaofungwa kabisa, maana usiku wa Juni na Julai Dodoma unauma, na hakuna atakayetaka hewa ya mnara saa hizo.

Swali la maji linastahili jibu la kweli, hasa mahali ambapo kila dumu limebebwa kichwani na mwanamke au binti. Sebule tuliyoipigia hesabu, ikipozwa kwa nyuzi 8 au 9, hukausha lita 3 hadi 4 kwa saa. Kwa saa sita za mchana ni lita 18 hadi 24. Ongeza maji ya kumwaga ili kupunguza chumvi, ni lita 30 kwa siku, dumu moja na nusu. Pale ambapo dumu hilo linatafutwa kwa kutembea kilomita tano, mtambo huu usijengwe, na anayeishauri familia kuujenga anaiongezea mzigo. Kivuli na uingizaji hewa wa usiku havidai maji.

Lakini hesabu inabadilika paa linapofanya kazi. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 60, hata likipoteza robo ya mvua hiyo, huleta lita 25,000 hivi. Siku 120 za joto kavu kwa lita 30 kila siku ni lita 3,600. Tangi moja la lita 5,000, likijazwa Machi au Aprili na kufungwa vizuri, linapoza sebule hiyo msimu mzima bila kugusa maji ya kunywa. Na maji ya mvua yana ubora mwingine: hayana chumvi.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa pazia. Visima vingi vya nchi kavu vina maji ya magadi, na maji yanapokauka magadi hubaki. Wiki chache tu nyuzi za mkonge hugeuka gamba jeupe lisilopitisha hewa. Dawa ni kumwaga sehemu ya maji yanayozunguka, takriban moja ya tano kila siku, na kuweka mapya. Yanayomwagwa yasielekezwe kwenye mbogamboga. Yana chumvi zaidi kuliko yalivyotoka kisimani. Vumbi nalo hunasa kwenye pazia, jambo ambalo mapafu ya wenye nyumba yatalishukuru, ila fremu iweze kung'olewa na kuoshwa kila wiki au mbili. Mkonge na makumbi huchoka, na pazia jipya linahitajika karibu kila msimu.

Kuna hatari mbili za afya. Ya kwanza ni mbu: tangi na mfereji vifunikwe kabisa kwa mfuniko au wavu, kwa kuwa maji yaliyotulia siku chache katika nchi ya joto huwa mazalia yao. Ya pili haijulikani sana. Bakteria wa legionela huzaliana katika maji yaliyokaa yenye nyuzi 20 hadi 45, na humwingia mtu mapafuni kwa njia ya matone madogo sana anayovuta pamoja na hewa. Nozeli za ukungu hutengeneza matone hayo hasa. Pazia linalolowa kwa kutiririsha hurusha matone machache mno, na kwa sababu hiyo tu ndilo linalofaa nyumbani. Nozeli ziachiwe majengo yenye fundi wa kudumu anayetibu maji na kusafisha mabomba kwa ratiba. Wodi ya wagonjwa isipozwe kwa ukungu hata kidogo, na maji machafu ya jikoni au bafuni yasitumike kwenye pazia kwa kisingizio cha kubana matumizi.

Wapo watakaopima na kukuta tofauti ndogo, nyuzi sita au saba, au ambao wana sababu ya kutotaka unyevu ndani: mwenye ghala la mahindi, mwenye duka la vitabu, fundi wa kompyuta. Hao maji yao yawe nje. Paa la zege likitandikwa magunia ya katani na kuloweshwa mchana hupoza dari, dari hupoza chumba, na mvuke unaondoka zake angani bila kuingia ndani. Mvumbuzi Harold Hay alikwenda mbali zaidi huko Atascadero, California, mwaka 1973: alijenga nyumba yenye mifuko ya maji juu ya paa la chuma, iliyofunikwa mchana na kufunuliwa usiku ili joto lipotelee angani. Kwa nyumba ya kawaida magunia yanatosha, mradi zege limetiwa kizuia maji na fundi amehakikisha halina nyufa. Paa la bati halishiki ubaridi namna hiyo. Lililopakwa rangi nyeupe limekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila maji.

Asiye tayari kutoboa ukuta wa nyumba anaweza kuanza na chumba cha mboga, ambacho hufuata kanuni zilezile kwa gharama ndogo. Kilibuniwa na watafiti wa kilimo nchini India katika miaka ya 1980. Jenga kuta mbili za matofali ya kuchoma, moja ndani ya nyingine, zikifika usawa wa kiuno, na uache nafasi ya sentimita 7 hivi kati yake. Nafasi hiyo ijazwe mchanga wa mtoni uliochekechwa. Sakafu iwe ya matofali, juu paezekwe nyasi ili jua lisipige, na mfuniko wa mianzi uliovikwa gunia uwekwe mdomoni. Mchanga na mfuniko vinyweshwe asubuhi na jioni. Maabara ya D-Lab ya chuo cha MIT, iliyofanya kazi hii na wakulima wa Mali, inashauri vyumba hivi pale ambapo joto la mchana huvuka nyuzi 25, unyevuanga uko chini ya asilimia 40, na pana kivuli, upepo na maji. Nyanya, mchicha, karoti, pilipili hoho na maembe hukaa humo siku kadhaa zaidi kuliko mezani, kwa sababu hewa ya ndani ni ya baridi na yenye unyevu kwa pamoja. Vitunguu, viazi na nafaka vibaki nje ya chumba hicho, mahali pakavu penye hewa. Vikiwekwa humo vitachipua au kuota ukungu.